Bomba lipo, breki bado zinaisha: kisa cha Impreza moja na mabomba ya hewa ya kujitengenezea

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, bodi ya GDA, ile ya taa za mviringo, injini EJ205 ya lita 2 yenye turbo. Siku za kazi humpeleka mwenyewe mjini na kumrudisha. Siku za mbio hupelekwa Athi River, kwenye kiwanja cha Whistling Morans, njia fupi ya lami yenye kona za kubana, ambapo hujamaliza kukanyaga mafuta kabla hujarudi kwenye breki. Lalamiko lake lilikuwa hili: mizunguko ya kwanza gari linasimama vizuri, halafu pedali inaanza kushuka. Ukiipampu inarudi. Ukiendelea, hata kupampu hakusaidii, na inabidi uingie pembeni ukae.

Malalamiko ya aina hii ni ya kawaida, na jibu la vijiweni ni la kawaida vilevile: nunua breki kubwa. Kilichonifanya nilitazame gari hili kwa makini ni kwamba tayari lilikuwa na mabomba ya hewa. Kuna mtu alishatoboa bampa, akapitisha mabomba ya alumini ya kukunjika, yale yanayouzwa kwa ajili ya feni za jikoni, akayafunga kwa mikanda ya plastiki mpaka kwenye matairi ya mbele. Kazi safi kwa macho. Mwenye gari alisema wazi kwamba hakuona tofauti yoyote, na kwa hiyo ameshaamini kuwa mabomba ya hewa ni urembo tu.

Hakuwa amekosea kuhusu yale mabomba. Yalikuwa urembo kweli. Swali lilikuwa kwa nini.

Joto lenyewe ni kiasi gani

Kabla ya kugusa spana nilikaa na kalamu. Gari na dereva ni kama kilo 1,400. Ukilitoa kilomita 100 kwa saa ukalishusha hadi 50, breki zimemeza karibu kilojuli 400. Katika gari la namna hii, ambalo uzito huegemea mbele likifunga breki, tuseme asilimia 70 ya kazi hiyo inabebwa na breki za mbele. Kila diski ya mbele inapata kilojuli 140 hivi. Diski ya chuma yenye kilo 8 ikipokea joto hilo inapanda karibu digrii 40 kwa breki moja. Mzunguko wenye kona sita za kufunga breki kwa nguvu unaongeza zaidi ya digrii 200, kama hakuna joto linalotoka.

Bila shaka joto linatoka. Ila hesabu hii inaonyesha jambo moja: diski kubwa zaidi inachelewesha tu. Ukiongeza uzito wa diski kwa robo, unapata mizunguko michache ya nyongeza kabla ya kufika palepale. Mwisho wa yote, diski inatulia kwenye joto ambalo kinachoingia na kinachotoka vimelingana, na kinachotoka hutegemea hewa.

Athi River nayo iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Anayesoma mtandaoni kwamba breki fulani zinatosha kwa gari fulani aangalie kwanza aliyeandika anaishi wapi.

Kuna ugumu mwingine ambao wengi hawauhesabu. Nguvu ya hewa inayosukuma kuingia kwenye bomba inakua kwa mraba wa mwendo. Kwenye barabara ndefu za mbio huko Ulaya gari hufika kilomita 200 kwa saa, na hewa inajipeleka yenyewe. Katika kiwanja cha kona nyingi, ambapo sehemu kubwa ya mzunguko uko kwenye 80 au chini, msukumo mzima unaoweza kuupata mbele ya gari, hata ukiukamata wote, ni paskali 250 hivi. Ukiupima kwa maji, unayainua milimita 25 tu. Kwa urefu wa maji yanayozidi kidogo unene wa kidole gumba, huna cha kupoteza njiani. Kila ukingo mkali, kila mkunjo na kila mwanya unakula sehemu ya hizo milimita 25.

Kwanza mafuta

Pedali laini inayorudi ukipampu ina maana yake. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu lakini gari halisimami. Pedali ikiwa laini, mafuta ya breki yamechemka na mapovu yamo ndani, na mapovu hubanwa wakati mafuta hayabanwi. Nilifungua kopo la mafuta ya breki nikakuta rangi ya strungi.

Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya digrii 230. Yakishanyonya maji kutoka hewani kufikia kama asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Yanayouzwa kwenye chupa iliyofunguliwa wiki iliyopita, ikakaa rafu ya duka bila kifuniko cha kubana, yameshaanza safari hiyo. Tulimwaga yote, tukaweka mapya, tukatoa hewa magurudumu yote manne. Hiyo peke yake ilibadilisha gari kuliko mabomba yote ya awali: pedali ilikaa juu muda mrefu zaidi.

Lakini ilikaa tu muda mrefu zaidi. Harufu ya pedi ilikuwa palepale, diski zilikuwa na madoa ya buluu, na kingo za pedi zilikuwa zimegeuka kijivu cheupe. Mafuta mapya yalikuwa yamesogeza mpaka, joto lenyewe halijaguswa.

Kuchunguza mabomba ya zamani

Nilianza na mdomo. Mabomba yalianzia kwenye mashimo ya taa za ukungu. Taa zenyewe ziliondoka zamani, na mwenye Subaru yeyote Nairobi anaelewa. Mahali pa taa hizo ni pazuri kwa jumla, ila aliyeweka bomba aliliweka kona ya nje kabisa, pale bampa inapoanza kupinda kuelekea tairi. Kuna nafasi zaidi nyuma yake, kwa hiyo ni rahisi kupitisha. Hewa haijali urahisi wa fundi. Bampa inapopinda, hewa inaongeza kasi ili ilizunguke gari, na inapoongeza kasi msukumo wake unashuka. Mahali pengine kwenye kona ya bampa hewa inanyonya kutoka ndani badala ya kuingia.

Haya si ya kubishania, yanapimika kwa pesa ndogo. Mafundi wa ujenzi wana ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unaojazwa maji ili kulinganisha levo ya kuta. Nilichukua kipande chake, nikakikunja kama herufi U kwenye ubao ndani ya gari, nikatia maji yenye tone la wino. Ncha moja iliachwa wazi ndani ya gari, vioo vimepandishwa na feni imezimwa. Ncha nyingine ilipitishwa hadi kwenye bampa na kubandikwa kwa gundi ya karatasi mahali tunapotaka kupima. Dereva anashikilia kilomita 80 kwenye sehemu iliyonyooka, abiria anasoma tofauti ya maji kwa rula. Hewa ya ndani ya gari hailingani kabisa na ya nje, kwa hiyo namba yenyewe usiiapie. Ila ukilinganisha sehemu moja na nyingine, mpira huo hausemi uongo.

Kona ya nje, mdomo wa zamani ulipokuwa, maji yalipanda milimita saba au nane na kutetemeka, wakati mwingine yakirudi sifuri. Sentimita chache kuelekea ndani, kwenye shimo lilelile la taa, yalipanda zaidi ya mara mbili ya hapo na kutulia. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya msukumo uliokuwa unapatikana ilikuwa imeachwa mlangoni.

Nyuma ya mdomo mambo yalizidi kuharibika. Bomba lilikuwa limechomoza kupitia tundu, ukingo wa karatasi ya alumini ukiwa uchi. Hewa ikikutana na ukingo mkali wa namna hiyo hujikunja, inaacha sehemu tupu ndani ya bomba, na njia halisi inakuwa nyembamba kuliko bomba unaloliona. Kisha bomba lenyewe, likiwa na mikunjo yake ya ndani mwanzo hadi mwisho, lilibanwa kati ya plastiki ya madigadi na fremu mpaka likawa bapa. Upande wa kushoto tairi ilikuwa imelichana usukani ulipokatwa hadi mwisho.

Ncha ya mwisho ilikuwa imening'inia karibu na shokapu, ikielekea ukuta wa ndani wa tairi. Hilo ndilo lililonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Hata kama hewa yote ingefika, ingepuliza tairi.

Diski inataka hewa wapi

Diski ya mbele ya gari hili ni mbili zilizoshikanishwa na mbavu katikati. Gurudumu likizunguka, mbavu zile zinafanya kazi ya pampu: zinavuta hewa kutoka katikati, karibu na habu (kitovu cha gurudumu), na kuitupa nje ukingoni. Kwa kilomita 80 gurudumu la gari hili linazunguka zaidi ya mara 11 kwa sekunde, na pampu hiyo inafanya kazi muda wote, bomba liwepo lisiwepo.

Tatizo ni kwamba inavuta kile kilichopo. Ndani ya tao la gurudumu hewa inazunguka, inapashwa na diski, inatupwa nje, inagonga rimu na kurudi. Kwa hiyo kazi ya bomba kwenye kiwanja cha mwendo mdogo ni kuipelekea pampu hiyo hewa ya nje iliyo baridi, mlangoni pake. Kupuliza kwa nguvu huwezi, nguvu zenyewe ni zile milimita 25. Ukiielewa hivyo, unaona kwamba ncha ya nyuma lazima ishikwe palepale nyuma ya diski, ikizunguka habu, na kubana kiasi kwamba diski ikivuta ipate ya bomba kabla ya kupata ya tao.

Wapo wanaoelekeza bomba kwenye uso wa diski. Hapo unapoza uso wa ndani peke yake, uso wa nje unabaki moto, na chuma kinachopoa upande mmoja kinajipinda. Wapo wanaoelekeza kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Hilo linasaidia mafuta kidogo, ila joto linaendelea kuzalishwa kwenye diski na kuirudia kalipa.

Porsche, kwa mfano, tangu enzi za 911 ya kizazi cha 996 wanaweka jani la plastiki kwenye mkono wa chini wa gurudumu, likikamata hewa inayopita chini ya gari na kuigeuza kuelekea katikati ya diski. Halina bomba kabisa. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba wenye Boxster hununua lile la GT3 wakalifunga wenyewe. Nilifikiria kufanya hivyo hapa, na kwa gari la lami tupu ningefanya. Gari hili linapita matuta na barabara ya murram kila siku kwenda nyumbani, na jani hilo halingemaliza mwezi.

Kamukunji

Kwa hiyo tulibaki na bomba, ila la kutengenezwa upya kwa vitu vitatu, kila kimoja mahali kinapoweza kuishi. Mbele, nyuma ya bampa, ambapo hakuna joto wala kinachosogea, bomba la plastiki la maji taka la inchi 3. Ndani ni laini, ni rahisi kukata, na hakuna haja ya kitu cha bei zaidi. Plastiki hii hulainika ikikaribia digrii 80, kwa hiyo inaishia mbali na gurudumu. Katikati, ambapo gurudumu linapinda na kupanda na kushuka, kipande cha mpira wa hewa wa lori, ule unaotoka kwenye kisafisha hewa kwenda kwenye turbo. Kwa wauza spea zilizotumika hauna bei kubwa, na umezoea kutikiswa. Mwisho, karibu na diski, bati.

Kuhusu kipenyo, watu hupunguza ili kurahisisha kupitisha. Inchi 3 ni kama sentimita za mraba 46 za njia. Inchi 2 ni 20 tu. Lakini hasara ni zaidi ya hiyo, kwa sababu ukitaka kupitisha hewa ileile kwenye bomba jembamba, msuguano unaongezeka kwa kipeo cha tano kadiri kipenyo kinavyopungua. Kutoka inchi 3 kwenda 2 unazidisha upinzani zaidi ya mara saba. Ni afadhali kuhangaika na nafasi.

Bati ilitupeleka Kamukunji, kwa mafundi wa masanduku, majiko na karai. Nilikwenda na kielelezo cha katoni: mdomo wa mstatili wenye pembe za mviringo, unaopungua taratibu hadi duara la inchi 3. Mzee niliyempata alikigeuzageuza.

"Hii ni ya nini, kijana? Dohani ya jiko?"

"Ni ya kupeleka hewa kwenye breki za gari, mzee."

Alikiangalia tena, akakigonga ukingo kwa ukucha. "Ukiuacha hivi utamkata mtu mkono. Nitaukunjia waya."

Akachukua bati ya geji 28, akachora kwa msumari na uzi, mistari ikikimbia kutoka pembe za mstatili kwenda kwenye pointi za duara, bila karatasi, akakata kwa mkasi, akakunja juu ya kipande cha reli. Ukingo wa mbele aliuzungushia waya na kuufunika kwa bati yenyewe, kama wanavyofanya midomo ya karai na ndoo. Alichokuwa analinda ni mkono. Alichotengeneza ni mdomo wa mviringo ambao hewa inauzunguka bila kujikunja, kitu ambacho kwenye maduka ya vifaa vya mbio unalipia kwa dola. Mdomo wenye ukingo mkali hupoteza pale mlangoni karibu nusu ya msukumo wa kasi iliyomo bombani, na bomba lililochomoza uchi hupoteza zaidi. Ukingo wa mviringo unapunguza hasara hiyo hadi sehemu ndogo sana.

Jambo moja tulikubaliana mapema: kipande cha kwenye diski kisilehemiwe kwa risasi. Risasi ya kawaida ya mafundi bati inaanza kuyeyuka kwenye digrii 183, na karibu na diski hilo ni joto la asubuhi. Mshono wake ukafanywa wa kukunja, ukapigwa riveti za chuma. Wala kisichomelewe kwa umeme kabla zinki haijaondolewa, kwa sababu moshi wa zinki ukivutwa huleta homa ya usiku mzima, na mafundi wengi wameshaizoea kiasi cha kuiona sehemu ya kazi. Si sehemu ya kazi.

Kufunga

Nyuma ya diski kuna bati ya kiwandani ya kukinga vumbi. Wengi huing'oa na kuitupa. Sisi tuliitumia kama msingi. Tulikata uwazi wenye umbo la mwezi mwandamo unaozunguka habu upande ambao kalipa haipo, tukapiga riveti kisanduku cha bati kinachopokea mpira na kugeuza hewa kuelekea katikati. Nilitaka uwazi usipungue zile sentimita za mraba 46. Nafasi iliyopo kati ya kalipa, waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) na kono la chini haikuturuhusu. Tulipata kama 35 na tukaridhika. Mwanya kati ya kisanduku na diski ni milimita chache. Ukiwa mpana, diski inavuta hewa ya tao. Ukiwa mwembamba sana, kokoto moja inakwama na utasikia kelele ambayo hutaisahau.

Mpira wa katikati ndio uliochukua muda. Ulifungwa kwenye kono la chini, karibu na pale linapojipinda, ili usogee pamoja na gurudumu, na upande wa mwilini ukaachiwa urefu wa ziada. Kisha tuliupaka chaki ya shule kote. Usukani ulikatwa hadi mwisho kushoto na kulia, gari likiwa kwenye jeki, kisha likiwa chini na watu wawili wazito wamekaa juu ya boneti, kisha likaendeshwa kwenye matuta. Tairi linapogusa, chaki inafutika. Upande wa kulia ulikuwa safi. Wa kushoto ulifutika mstari mwembamba, tukasogeza klipu mpaka mstari ukaisha. Bomba linalogusa tairi si suala la kupungua kwa hewa tu: mpira ukinaswa unaweza kuvuta waya wa ABS au bomba la mafuta ya breki, na hapo umetengeneza ajali kwa mikono yako.

Sehemu ya chini kabisa ya mpira tulitoboa kwa msumari ili maji ya mvua yatoke. Na kwa siku za kazi kila mdomo una kizibo: kifuniko cha mkebe wa rangi, kinaingia kwa kubana. Kwenye murram hewa ya mbele imejaa vumbi, na hakuna faida ya kulipeleka kwenye pedi. Magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990, ikiwemo Impreza ya Colin McRae iliyoshinda mwaka 1997, yalikuwa na bomba la hewa ya injini lililopanda pembeni ya kioo cha mbele hadi juu, kwa sababu ya maji na vumbi hilihili. Mdomo unawekwa kulingana na hewa unayoitaka na ile usiyoitaka.

Je, vilisaidia?

Hapa ndipo maelezo mengi ya magari huishia kwenye "nimeona tofauti kubwa". Tofauti unaiona hata ukiosha gari. Tulikuwa tumebadilisha mafuta, asubuhi ile ilikuwa na mawingu, na dereva akijua breki zimetengenezwa anafunga kwa kuchelewa zaidi. Kulinganisha siku ile na siku za nyuma kusingetuambia kitu.

Tulichofanya ni kuacha kizibo upande mmoja. Gari lilelile, mzunguko uleule, dereva yuleyule, upande wa kushoto umefungwa na wa kulia uko wazi. Likiingia pembeni, watu wawili wanapima diski zote mbili kwa wakati mmoja. Kisha tunahamisha kizibo upande wa pili na kurudia, kwa sababu njia inayozunguka upande mmoja hulemea gurudumu la nje, na ukipima mara moja tu unaweza kuisifia njia ukidhani umesifia bomba.

Kipimajoto ni cha kuelekeza, ila si kile cha milangoni wakati wa korona. Kile kimetengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu na juu ya hapo hakisomi. Kinatakiwa cha karakana kinachofika angalau digrii 500. Nacho ukikielekeza kwenye uso wa diski uliosuguliwa ukang'aa, kinasoma chini sana, kwa kuwa chuma kinachong'aa hakitoi mionzi kama inavyopaswa. Tulipima ukingo wa nje wa diski, sehemu yenye kutu isiyoguswa na pedi.

Upande wenye kizibo ulisomeka juu ya ulio wazi kwa digrii kama 80 hadi 100, na tulipohamisha kizibo tofauti ilihama nacho. Hiyo ndiyo namba ninayoiamini katika kazi nzima. Joto kamili silitilii mkazo, kwani diski imeshaanza kupoa kabla gari halijasimama, ila pande zote mbili zilipoa kwa muda uleule.

Digrii 80 si muujiza. Pedi alizonazo bado ni za barabarani, na akiendelea bila kupumzika bado atazifikisha mwisho wake. Kilichobadilika ni kwamba pedali haishuki tena katika muda anaopewa uwanjani, na madoa mapya ya buluu hayajaonekana. Diski za zamani tulizitoa, zilikuwa na nyufa za nywele kuanzia kwenye ukingo, na bomba halizibi ufa.

Ukiacha diski, gharama yote, mafuta ya breki yakiwemo, haikufika nusu ya bei ya seti moja ya pedi za mbio. Kilichokula zaidi ni mpira wa lori na malipo ya mzee wa Kamukunji, ambaye nilimlipa alichotaja bila kupatana. Aliyefunga mabomba ya kwanza hakutumia pesa kidogo kuliko sisi. Alizitumia zote katikati ya bomba, mahali ambapo hewa haina shida.

Kwa anayetaka kurudia kazi hii kwenye gari lingine, asinakili vipimo vyangu vya mdomo. Achukue mpira wa levo na rula, apime bampa yake mwenyewe. Forester na Impreza zinachangia vitu vingi, lakini sura zao za mbele hazifanani, na hata Impreza ya GDA ya taa za mviringo na zile zilizofuata zina bampa tofauti. Nyuma ya diski mambo hufanana zaidi, ila waya wa ABS unaweza kupita upande mwingine.

Kazi iliyobaki kwenye gari hili ni boneti. Sifongo ya kuziba kati ya tundu la boneti na intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imeliwa na joto, na hewa inayoingia juu inapita pembeni badala ya kupita ndani ya mapezi. Mwenye gari ameshauliza kama anunue intakula kubwa. Nimemwambia alete sifongo kwanza.